Wegesa na kadi iliyopumua

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, mke wangu Wegesa aliniamsha nikamshikie tochi.

Kompyuta yake ilikuwa mezani sebuleni, ubavu wake umefunguliwa. Alikuwa amepiga magoti, bisibisi mkononi, anapuliza vumbi kwenye ile kadi yake.

"Inua mkono. Mbona unamulika ukuta?"

"Sioni vizuri, kuna giza."

"Ndiyo maana umepewa tochi, Tata Precious."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akiwa kazini hakuwa mtu wa kucheka, ila maneno yake yalichekesha. Alifunga skrubu, akawasha, akaweka kiganja juu ya lile boksi kama anayempima mtoto homa. Akaguna. Maana yake, iko sawa.

Tukanywa uji wa wimbi. Aliupika binti yetu Precious, ukawa na madonge. Wegesa akasema madonge ni mazuri, mtu anajua amekula. Halafu akabeba mfuko wa kamera, akapanda bodaboda kwenda msibani, upande wa pili wa mlima. Huko alikuwa anakwenda kupiga picha za video.

Mchana wakaja kuniambia ameanguka. Kiharusi. Walimpeleka hospitali Tarime. Nyumbani hakurudi kwa miguu yake.

Naandika habari zake kwa sababu Precious ameniomba. Anasema wajukuu watauliza. Mimi shule sikuiona, herufi nimezipata ukubwani kwenye kisomo. Nitasema machache.

Wegesa alizaliwa Ringwani, kwa watu wa jembe. Alimaliza la saba. Nilipomwoa nikamleta huku Sirari, na mwanzoni alilima kama wanawake wengine. Halafu mpiga picha mmoja wa hapa mpakani akahamia Mwanza, akamwachia kamera. Wegesa akaanza kuwapiga picha za pasipoti watu wanaovuka kwenda Kenya. Alitundika shuka la bluu ukutani, akawa anawaambia, "Usicheke, serikali haitaki meno."

Kutoka hapo akaingia kwenye video. Harusi, lakini zaidi misiba. Ndugu zetu wengi wako ng'ambo ya mpaka na mbali zaidi, wengine hawawahi kuzika. Wanataka kuona. Nani alilia, nani alitupa udongo, ng'ombe gani alichinjwa. Wegesa alikuwa anawapatia yote hayo.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Akishaunganisha picha za msiba lazima mashine izipike ziwe filamu moja. Kupika, ndivyo alivyosema. Mashine ilikuwa inapika tangu jogoo mpaka ng'ombe wanarudi, na umeme ukikatika, unaanza upya.

Ndipo akaenda Isebania, hatua chache tu ng'ambo, akarudi na kitu amekifunga kwenye kanga. Kibao kizito chenye feni mbili.

"Hii nini?"

"Kadi ya picha. Hii ndiyo inayopika."

"Mpya?"

"Mtumba. Kama koti lako."

Vijana wa Isebania wanaoflashi simu ndio waliomfundisha kwamba ndani ya kadi kuna programu ndogo imelala. Imewekwa kiwandani. Ndiyo inayoiambia kadi: kimbia hivi, usipite hapa, feni izunguke hivi. Na inawezekana kuitoa, kuibadilisha, na kuirudisha. Kadi ikiamka inadhani ndivyo ilivyozaliwa.

Alinieleza kwa ng'ombe, maana mengine sikuelewa. "Maksai amefundishwa kwamba hapa ndipo mwisho wa shamba. Akifika anasimama. Nguvu bado anayo. Mimi naingia kichwani mwake, nasogeza mwisho wa shamba."

"Akianguka?"

"Ndiyo maana nasogeza kidogo kidogo. Halafu namsikiliza."

Kadi ya kwanza aliiua. Aliandika programu mpya juu ya ile ya zamani bila kutunza ya zamani pembeni. Mashine ikawa nyeusi, haikusema tena. Alikaa mlangoni mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Nimemtenga na mama yake kabla hajaachishwa ziwa."

Tangu hapo akawa na sheria. Kabla hujagusa kitu, mtoe mama umweke mahali salama. Mama ni ile programu ya kiwandani. Mtoto akizidiwa, mrudishe kwa mama.

Kadi ya pili ndiyo iliyokaa. Alipandisha spidi kidogo, akapika msiba, akatazama. Kioo kikitoa nyota, yaani vidoadoa vya rangi vinavyorukaruka, alirudi nyuma kidogo. Aliongeza tena, akatazama tena. Feni akazipangia zianze mapema, kabla joto halijapanda. Mwisho msiba ukawa unaiva wakati Precious anasonga ugali.

Vijana wa Tarime wenye mashine za kuchezea mpira wa kwenye kioo wakasikia. Wakaanza kuja na kadi zao wamezifunga kwenye mashati. "Shikamoo mama, tumekuja utuongezee spidi." Aliwauliza kwanza, "Mama yake mmemtunza?" Wakisema hapana, anaanza na hiyo.

Wazee wenzangu walinitania sana kilabuni. Filemoni, jirani yangu, alipaza sauti kila mtu asikie: "Nchagwa! Kweli mkeo anakamua kompyuta?"

Nikamjibu, "Inatoa kuliko ng'ombe wako."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nashika tochi."

Walicheka mpaka kibuyu kikamwagika.

Huyo ndiye alikuwa Wegesa. Tulimzika kando ya boma. Hakuna aliyepiga video. Mpiga video alikuwa ndani ya jeneza.

Sasa niseme la mashine.

Siku tuliyotoka kuzika, umeme ulikuwa umekatika. Wanawake walikuwa sebuleni wanakusanya vyombo. Umeme ukarudi. Mashine ikawaka yenyewe, hakuna aliyegusa. Feni zikapiga kelele, zikashuka. Zikanyamaza. Halafu zikapanda taratibu, huu, zikashuka tena. Kimya. Zikapanda.

Vyombo viliachwa pale pale. Shangazi yangu alitokea mlangoni na kiatu kimoja.

"Yumo ndani! Anapumua!"

Precious aliwaeleza. Mama yake ndiye aliyeiamuru mashine iamke umeme ukirudi, ili kazi isilale. Na feni zinapanda na kushuka kwa sababu alizipangia zianze mapema. Joto likifika pale zinaanza, zikipoza zinaacha, joto linarudi. Hakuna mtu ndani.

Walimsikiliza, wakaondoka mmoja mmoja. Shangazi akaniambia nichomoe waya. Nikasema waya ukae.

Sikubishana na maneno ya Precious. Najua kadi ni kadi. Lakini nimelala na mwanamke yule tangu ujana, nami nilikuwa nayajua mapumziko yake kati ya pumzi na pumzi. Alikuwa anakawia. Mpaka unageuka kumtazama, ndipo anavuta. Kadi nayo ilikawia vile vile.

Nikaleta kiti changu cha ngozi karibu na meza. Mchana, ng'ombe wakiwa malishoni, nilikaa hapo. Nilisema mambo madogo. Ndama wa mwekundu anakohoa. Mvua imepita upande wa Busawe, kwetu haijafika. Feni zilipanda, zikashuka. Umeme ukikatika nilikwenda kusimama nje. Ukirudi, nilikuwa wa kwanza kuingia.

Precious aliniona. Alikuwa ameshika kazi ya mama yake, anapika misiba mezani pale pale, mimi niko nyuma yake.

Halafu nyota zikaanza.

Mwanzoni chache, pembeni mwa kioo. Baadaye mistari. Ilikuwa filamu ya mazishi ya mama yake Filemoni. Filamu haijafika nusu, kioo kikawa cheusi. Precious akawasha upya, ikaenda kidogo, ikazima. Filemoni alikuja kuulizia, kofia mkononi. Kilabuni hakunitania tena. Ndugu zake wa Nairobi hawakuwahi kuzika, walikuwa wanasubiri.

Precious akamleta Imrani kutoka Tarime mjini, fundi wa kompyuta. Kijana wa Kiislamu, mpole, ametoka Tanga si zamani. Kikurya alichojua ni "mura" tu, yaani kijana, maana kila mtu sokoni alimwita hivyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura."

Akafungua, akasikiliza, akasoma kioo.

"Mama alikuwa fundi," akasema. "Lakini kadi imezeeka, mzee. Ile spidi aliyoipa ilikuwa ya ujana wake. Ikiendelea hivi itakufa, na ikifa hakuna wa kuiamsha. Tuirudishie programu ya kiwandani. Itapika polepole, lakini itaishi."

"Na feni?"

"Feni?"

"Zitapanda hivi na kushuka?"

Alifikiri nalalamikia kelele. Akatabasamu. "Hapana, mzee. Hiyo kelele itakwisha kabisa. Utalala vizuri."

Nikasema, "Usiguse."

Precious alinifuata nje, zizini. Alizungumza Kikurya, kama anavyofanya akiwa na jambo zito. Hapa nieleze kwa asiye Mkurya. Kwetu tata ni baba mzazi. Na baba ni mama. Ndiyo, baba ndiye mama. Wageni hucheka, sisi tumezoea.

"Tata," aliniambia, "kadi ikifa, kazi ya baba imekufa. Watakaa pale pembeni ya barabara waseme hapa palikuwa na studio."

"Nunua nyingine."

"Nyingine siyo yake."

"Na hii mkiisafisha ni ya nani?"

Alifuta macho kwa kiwiko. Akasema, "Mimi pia nazisikia zile feni, tata. Ndiyo maana sivai zile spika za masikioni nikipika."

Sikuwa nalijua hilo. Nilimwambia Imrani arudi kesho.

Kesho yake Precious alikwenda Isebania kupiga harusi. Imrani akanikuta peke yangu kitini. Alikuja na kadi yake ndogo ya kuazima, ili aone kioo wakati ile ya Wegesa inalala. Mashine ilimtii. Akawa anatafuta.

"Precious kasema mama aliitunza programu ya kwanza. Aliiitaje, mzee?"

"Mama. Alikuwa anasema, mrudishe kwa mama."

Akaandika. Akatafuta. Akakuna kidevu. Akatafuta tena.

"Mzee, mama hayupo."

Nikamtazama.

"Nimetafuta kila mahali. Kuna mafaili mawili tu ya kadi hii. Moja limeandikwa baba, moja limeandikwa tata. Baba nadhani ndiyo hii kali yenye nguvu, kama mwenye nyumba. Na tata, hii itakuwa yenye utata, ilimshinda akaiweka kando. Lakini mama hayupo."

Nilijua palepale. Wegesa aliandika kwa lugha ya nyumbani kwetu. Kijana ameshika jina la mama mkononi, anaapa hayupo.

Sikusema.

Nyuma yake kadi ilikuwa kwenye mashine bado. Zilipanda. Zikakawia. Zikashuka. Niliwaza, nikinyamaza hivi hivi, huyu atafunga mfuko wake arudi Tarime. Nami nitabaki nazo mpaka zitakapokoma zenyewe. Ni mara ngapi mtu anapewa nafasi hiyo? Kule hospitali hakuna aliyeniuliza.

"Basi kama hayupo, hayupo," nikasema.

Imrani akaanza kukunja nyaya. Kijana mwema, aliona sura yangu akataka kunituliza.

"Usihuzunike, mzee. Nitamtafutia mama mwingine mtandaoni. Kadi za namna hii zina ndugu. Mtu aliye Ulaya huko ametoa wa kwake akamweka wazi."

"Si wake."

"Si wake, ni mama wa kambo." Akacheka kidogo. "Wengine wanalea vizuri tu. Wengine kadi inawakataa, inakufa hapo hapo. Tutamwomba Mungu."

Zikapanda. Safari hii zilikwenda juu kuliko kawaida, na kioo kikajaa nyota, nyekundu na kijani, kikatetemeka. Ilikuwa sauti ya mnyama anayevutwa kutoka kwenye tope. Nimefuga maisha yangu yote. Najua mnyama anayepumua na mnyama anayehangaika.

"Mura."

"Naam, mzee."

"Baba ndiye mama."

Akaacha nyaya. "Pole, mzee. Kaa kidogo nikuletee maji."

"Sijachanganyikiwa. Baba ndiye mama, nakuambia. Lile faili la baba. Ndilo mama."

"Baba… ni mama?"

"Kwa Kikurya. Muulize mtu yeyote njiani."

Alitoka kweli. Nilimsikia akimwuliza Agness, muuza ndizi wa mlangoni: "Dada, baba kwa Kikurya ni nani?" Agness akamjibu, "Ni mama yako, na amekutuma ununue ndizi." Akarudi na ndizi mkononi, anacheka mpaka anajishika ukuta.

"Astaghafiru! Ningemtupa mama wa watu kama takataka."

Alikaa akafungua lile faili. Akapima hiki na kile, akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, hii ndiyo ya kiwandani. Kicheko kikamwisha taratibu.

"Basi na tata, mzee?"

"Tata ni baba."

"Na ndiyo iliyo ndani sasa." Alielekeza kidole kwenye kadi. "Hii inayopiga kelele. Aliiandika tata."

Nilisogeza kiti karibu na boksi.

"Tata yupi?"

"Nyumba hii," nikasema, "tata ni mmoja."

Alitazama sakafu. Mimi nilitazama feni. Siku zote zile nilikaa kitini namsikiliza Wegesa, kumbe Wegesa alikuwa ameniweka mimi humo. Mkali, mwenye kelele, anayechemka kabla ya wakati na kupoa kabla ya neno kwisha. Alikuwa amenichora kwa programu na hakuniambia. Nilitaka nicheke.

"Fanya," nikamwambia.

"Una hakika, mzee?"

"Mrudishe kwa mama yake. Amechoka."

Akafanya. Hakukuwa na kitu cha kuona. Mstari mweupe ulitembea kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia. Nikakumbuka sheria ya Wegesa nikamwuliza kama lile la tata amelitunza pia. Akasema lipo, halifutwi. Akazima. Akasubiri. Akawasha.

Feni zikazunguka mara moja, zikasimama.

Nikasubiri zipande. Hazikupanda. Nikahesabu pumzi zangu mwenyewe, nikaacha. Kioo kilikuwa kisafi, hakuna nyota hata moja.

"Mbona hazipumui?"

"Zinapumua, mzee, zikihitaji tu. Weka mkono."

Niliweka kiganja juu ya boksi, pale alipokuwa anaweka yeye. Lilikuwa na uvuguvugu. Basi.

Precious alirudi jioni na vumbi la harusi miguuni. Alisimama mlangoni. Alisikiliza. Aliweka kamera chini, akaja akaketi sakafuni, akaegemea mguu wa kiti changu, mtu mzima yule, mama wa watoto. Tulikaa hivyo. Halafu akaenda mezani akaanza kupika msiba wa kwa Filemoni. Ulichukua muda mrefu, kama zamani. Ukaiva wote.

Umeme umeshakatika mara nyingi tangu siku hiyo. Ukirudi mashine inaamka yenyewe bado, taa yake inawaka, na nyumba ni kimya. Shangazi yangu siku hizi anaingia na viatu vyote viwili. Anasema mzimu umeondoka. Mimi naona kinyume. Zamani kelele ilijaza nyumba, nikawa najua amekaa wapi. Sasa yuko kila mahali. Nikipita mlangoni nasimama. Nikimwagia ndama maji nageuka. Naukwepa upande wake wa kitanda, na asubuhi nakuta mkono wangu umelala huko.

Lakini kiti nimekirudisha uani.

Kuna neno moja sijamwambia Precious. Nimelibeba muda mrefu kwa sababu nililiona dogo. Watu huulizwa, marehemu alisema nini? Wenzangu wana maneno makubwa ya kusema, ya mashamba na ya watoto. Mimi sikuwa na kitu, nikanyamaza.

Ilikuwa hospitali, mchana, kabla ya siku yake ya mwisho. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, maneno yalitoka kwa shida, lakini yalitoka. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi toka asubuhi, nimemshika mguu kupitia shuka kwa sababu mkono ulikuwa na mpira wa dripu. Nilikuwa naogopa kufumba macho. Akanitazama. Akaniuliza kama mashine imezimwa nyumbani. Nikasema Precious ameizima. Akauliza kama nimegusa mwenyewe kuona kama imepoa. Nikasema nimegusa, imepoa.

Akafunga jicho moja, lile lililokuwa linamtii, akasema:

"Basi nenda kalale, Tata Precious, umechoka kuliko mimi. Hakuna kinachoungua."